Vyumba vya Mwavita na Shimo la Garaji

Kutoka sebuleni asubuhi, katika nyumba ya Yaseen mtaani Buyenzi, ilikuwa kazi. Watoto walilala sakafuni kutoka ukutani hadi mlangoni. Yaseen aliinua mguu, akatafuta pa kukanyaga, akaomba radhi kwa kila kidole alichokanyaga. Kisha akafungua duka lake la vipuri vya magari na pikipiki, lililokuwa mbele ya nyumba.

Wake kati ya hao alikuwa Aya peke yake. Wengine wanne walikuwa wa Mwavita, dada wa mkewe Mwanamwema. Mwavita alikimbia risasi kule Kinama, na nyumba yake ikachomwa. Ilikuwa mwaka 2004, na vita vilikuwa vimemchosha kila mtu.

Yaseen aliamua kuwajengea vyumba viwili nyuma ya nyumba kabla mvua haijaanza. Matofali yalifika. Fundi Hamissi alikubali kuanza Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Sisi watu wa Buyenzi tunajijua. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Mkaguzi akija Jumatatu, anakuta bati limeshapanda. Nani atabomoa nyumba yenye watoto ndani? Tulijiona wajanja sana.

Siku ya Alhamisi, Odette alikuja dukani kununua breki za pikipiki. Mama huyu alifanya kazi katika ofisi ya vibali vya ujenzi. Aliyaona matofali.

"Baba Aya, unajenga?"

"Kidogo tu, madamu."

"Uko na permi, karatasi ya kujenga?"

Yaseen akacheka bila furaha. "Permi? Kaka yangu aliomba, dosie yake, karatasi zote, ikapotea. Akaomba tena, ikapotea tena. Mi niko na batoto wanalala chini. Mvua haitaningojea."

"Uko na haki ya kukasirika," Odette akasema. "Zamani ilikuwa vile. Sasa tuko na ordinatere, hizi kompyuta. Ramani za zamani tumezipiga picha, tumezitia mule. Dosie yako ikiingia, kila mutu wa biro, pale ofisini, anaona imefika kwa nani. Apana mutu wa kuificha chini ya meza."

"Na umeme ukikatika?"

"Tunangoja urudi," Odette akajibu, naye akacheka. "Kuja kesho. Leta namba ya parseli, hiki kiwanja chako."

Jioni Yaseen alisema haendi. Mwavita ndiye aliyemjibu.

"Shemeji, nenda. Nyumba moja nilishaikimbia. Ingine sitaki kuikimbia."

Kesho yake akaenda.

Odette aliandika namba ya kiwanja, na ramani yake ikatokea kwenye kompyuta. Kisha akatafuta ramani nyingine ya kiwanja hichohicho, iliyochorwa kabla Yaseen hajakinunua. Akaiweka juu ya ile ya kwanza, na kisanduku kidogo kikaonekana nyuma ya nyumba.

"Na haka kasanduku ni nini?" Yaseen akauliza.

"Parseli yako ilikuwa garaji. Hili ni shimo. Fundi anaingia mule, anatengeneza gari kwa chini. We unataka kujenga wapi?"

Yaseen akaweka kidole kwenye kioo. Kidole kilitua palepale penye shimo.

"Mi sikujua," akasema polepole. "Nilikuta chini pako sawa."

"Walilijaza, wakasawazisha. Udongo wa kujaza, mvua ikiingia, unashuka. Ukuta ukiwa juu, unashuka nao. Permi si ya kusumbua mutu, Baba Aya. Ni ya kujua kwanza kama chini panaweza kubeba nyumba."

Jumamosi Hamissi alikuja, lakini hakujenga. Alipiga nondo pale ramani ilipoonyesha. Nondo ikazama bila shida. Alipochimba, alikuta tairi kuukuu na udongo mweusi wa mafuta. Hamissi akafuta jasho.

"Na leo tungekuwa tunajenga hapa," akasema.

Vyumba vilichorwa upya, upande wa jikoni. Odette alikuja kupima. Alipiga picha kwa kamera ndogo, na picha zikaingia katika faili la Yaseen kwenye kompyuta. Kibali kilitoka kabla mwezi haujaisha. Hamissi alijenga bila haraka, na Odette akarudi kukagua msingi. Mwavita na watoto walihamia kabla ya mvua, alhamdulillahi.

Kisha mvua kubwa ikanyesha mchana kutwa. Ilipokatika, ardhi ya uani nyuma ilikuwa imetitia. Shimo lilikuwa wazi, na mtu mzima angezama humo hadi kifuani.

Mwavita alisimama pembeni. Aliangalia mahali ambapo watoto wangekuwa wamelala. Akaanza kuwaita, mmoja mmoja kwa jina, na hakunyamaza mpaka wote wanne wakasimama mbele yake. Akawashika vichwa, akalia.

"Mungu amubariki ule mama," akasema.

Yaseen alizungushia shimo mabati, akafunga duka, akatembea hadi ofisini. Alimshukuru Odette mara nyingi mpaka mama wa watu akaona haya. Lakini hakuondoka.

"Madamu, jirani yangu Hamimu anataka kujenga. Kwake nako kulikuwa garaji, wazee wanasema, na bale mafundi walichimba shimo bila kuuliza mutu. Kwa ramani yenu haliko. Naye iko na batoto."

Odette akageuza kiti, akaielekea kompyuta.

"Sema, Baba Aya. Liko upande gani?"