Salme na Dudumizi wa Mtongwe

Jioni za kaskazi huko Mtongwe zina raha yake. Jua likishuka, joto hupungua, na bondeni kwenye matete sauti huanza moja moja. Vyura kwanza, kisha kuku ziwa, mwisho yule ndege dudumizi. Sauti yake humiminika taratibu, kama maji yatokayo mtungini. Zamani Salme akiisikiliza dirishani hadi macho yamlegee.

Mwaka ule wa themanini na tisa aliisikiliza kwa hofu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, na jioni ile dudumizi alilia sana. Mavyaa wake, Mwanatatu, yaani mamake mumewe, alishikilia kuwa ndege yule ni uchuro. Kila akilia, bibi hutupa chumvi motoni na kufunga dirisha. Sasa alimtaka mwanawe, Shee, ayachome matete yote Ijumaa.

Salme mwenyewe hakuwa mzima. Kichwa kilimuuma siku nyingi na miguu ilivimba, lakini alidhani mimba ndivyo zilivyo. Kliniki hakuwahi kwenda.

Alhamisi, jua linazama, Kafedha alipiga hodi. Yeye ni jirani yao, mkunga wa zahanati. Alimkuta Salme kajifungia, jasho linamtoka. Akafungua dirisha, akaketi kando yake. Sauti zikaingia na ubaridi wa bondeni.

"Wasikilize dudumizi vizuri," alisema Kafedha. "Ni wawili. Mmoja aita, mwenziwe aitika. Ni mume na mke, wana kiota."

"Basi si mwanangu wanayemwita?"

"Wallahi, hawana habari nawe. Wana lao."

Salme akalia, maskini, kwa jinsi moyo ulivyomtulia. Kafedha akamtazama miguu. Akambonyeza kwa kidole, pakabaki shimo. Akamuuliza kama kichwa chamuuma. Chamuuma. Na ile mimba ya kwanza? Ilikuwa vivyo hivyo.

"Hii huenda ni presha ya mimba," alisema Kafedha. "Huua mama na mtoto. Ukivimba uso au miguu, kichwa kisipopoa, macho yakifanya kiwi, usingoje. Nenda ukapimwe. Twende sasa hivi."

Mwanatatu alikataa. Mja mzito hatoki baada ya Magharibi, alisema.

"Mama, chumvi yako siitii ila," alijibu Kafedha kwa adabu. "Lakini presha haisikii chumvi."

Shee, aliyekuwa akiwasikia mlangoni, alikwishatoka kutafuta gari. Wakavuka kwa feri hadi hospitali kubwa. Presha ilikuwa juu mno. Salme akalazwa, akatibiwa, na Shee akawa mtu wa kuvuka na chakula kila siku. Matete nani atayachoma? Mwishowe alizaliwa msichana, mdogo, lakini kilio chake kilijaza wadi. Salme alikisikiliza, asiamini kwamba ni cha mwanawe.

Kaskazi iliyofuata, mke wa jirani, naye mja mzito, alikuja kwa Mwanatatu akilalamika. Kichwa chamgonga, na ndege wale hawanyamazi.

"Ndege waache walie," alisema Mwanatatu, akitafuta buibui lake. "Wewe twende ukapimwe."