Hadi Diski ya Thobias

Haya yalimkuta rafiki yangu Loveness, fundi kompyuta wa Maganzo, na mpaka leo ukimwambia ni uongo mtagombana.

Mama Justa alimletea hadi diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya marehemu mumewe, Thobias, aliyefukiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Geita. Alitaka picha zake tu. Loveness akafunga mlango kuzuia vumbi, akachomoa sehemu ya CD kwenye laptopu yake, akaipachika diski hapo. Mara umeme ukakatika. Laptopu, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikazima, na duka lisilo na dirisha likawa giza totoro.

Ndani ya laptopu kukagongwa: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Itupe, mwanangu!" Mama Justa akalia.

Machimboni, aliyefukiwa hugonga mwamba mara tatu, na walio juu humjibu ili ajue amesikika. Kwa Thobias waliacha kuchimba siku ya pili, wakidai hagongi tena.

"Situpi ng'o!" Loveness akafoka. "Anayegonga anajibiwa!"

Akaichomoa diski, akaiweka mezani bila waya wowote, akagonga meza mara tatu.

Diski ikajibu palepale, kwa pupa, bila kupumzika, kama mtu aliyesikia majembe yakikaribia.