Nilimkaba Mkwe Wangu Gereji, Kumbe Mwenye Kosa...

Nilimkaba mkwe wangu kola katikati ya gereji!

"Umetaka kumuua binti yangu, wewe!"

"Mzee, niachie kwanza..."

"Sikuachii!"

Wasomaji wangu, msinicheke bado. Asubuhi ile binti yangu alikuwa analipita lori, mjukuu wangu kiti cha nyuma. Gari ikaanza kukohoa... tk, tk, tk... nguvu zikakata! Walipona chupuchupu.

Na mkwe mwenyewe alishakiri kwa mkewe: "Nadhani nilijaza mafuta mabovu."

Binti yangu alisimama pembeni, begi la mtoto begani, mjukuu wangu kamshika mkono.

"Baba, leo narudi kwako. Nimechoka na uzembe wake!"

Nikavimba kichwa. Mimi ni fundi wa kujifundisha, jamani. Nimewahi kuwasha trekta kwa kamba ya kiatu! Mashahidi wote ni marehemu.

Fundi wa gereji hakujali kelele zetu. Alishabadilisha plagi... injini bado inamisi, inakohoa vilevile. Akahamisha koili, ile inayoipa plagi moto, kutoka silinda moja kwenda nyingine... bado.

"Moto upo," akasema. "Labda haipumui."

Akaingia chini, akafungua bomba la ekzosi kabla ya masega, lile kopo linalochuja moshi.

"Piga stata!"

Injini ikanguruma mpaka tukaziba masikio. Lakini haikukohoa hata mara moja!

Akalitoa kopo, akamulika ndani. Vitundu vyote vimeziba, vyeusi tii.

"Moshi ukikosa pa kutokea, injini inakabwa. Hii ni oili, imeungulia humu. Nani anachanganya oili kwenye petroli?"

Nikaficha mikono mfukoni.

Nani kama si mimi! Kila Jumapili wakija kula kwangu, nilichungulia kushoto, nikachungulia kulia, nikamimina oili kwenye tangi. Pikipiki zetu za zamani zilikunywa mchanganyiko huo, zikaenda kama mshale! Nilitaka tu binti yangu aseme, "Gari ikitoka kwa baba, inavuta."

"Ni mimi," mkwe akasema haraka.

Nikamvuta nyuma ya rundo la matairi.

"Unajua kabisa siyo wewe!"

"Najua. Nilikuona Jumapili, kupitia dirishani."

"Sasa mbona unajibebesha kosa langu?!"

"Mzee, binti yako angekukataza kuigusa gari. Na wewe wiki nzima unaisubiri. Nilitaka nikuombe polepole uache... sikujua itafika huku."

Jamani... kola yake ilikuwa imechanika. Kwa mkono wangu!

Nikarudi kwa binti yangu.

"Ni mimi, mwanangu. Oili naweka mimi."

Hakupiga kelele. Bora angepiga!

Alimkabidhi mumewe begi la mtoto, akainyoosha ile kola kwa vidole. Kisha, bila kunitazama:

"Baba, tukiondoka utakaa nyuma."

Kopo jipya likafungwa. Gari ikatulia. Nikakiacha kiti changu cha mbele, nikakaa nyuma na mjukuu, mikono mapajani kama mgeni.

Mjukuu akanigeukia.

"Babu, kwani umefanya nini?"

Mimi, bingwa wa hadithi mtaa mzima... nikakosa hata uongo mmoja!

Somo langu ni hili: kabla hujamkaba mtu kola, nusa kwanza mikono yako. Yangu nimeiosha kwa sabuni ya unga, na bado inanuka oili.