Aliyekohoa Nyuma ya Kaunta

Kakuma ni mji wa vumbi na upepo. Upepo ukianza kuvuma mchana, mama wa nyumbani hufunika maji, na mama wa dukani hufunika sukari. Nawoi naye alifunga madirisha ya baa yake. Aliyafunga saa kumi alipowafungulia wateja mlango, na hakuyagusa tena mpaka asubuhi wakati wa kufagia.

Baa hiyo iliitwa Ejok, kama salamu ya Waturkana. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza saba, friji moja na feni moja. Mfanyakazi naye alikuwa mmoja. Jina lake Sylviane, msichana wa miaka ishirini na mitatu, Mkongo kutoka Uvira. Aliishi na mama yake katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, na alikuja kazini kwa pikipiki.

Sylviane alikuwa na mkono wa upole. Mlinzi wa duka la jirani alipata maji baridi bila kuomba. Mzee Lokuruka, ambaye meno yake yalibaki machache, alimenyewa yai na kukatiwa vipande vidogo, chumvi ikawekwa pembeni. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Mzee Lokuruka alikuwa ndugu wa marehemu baba yake Nawoi. Alikuja kila jioni, na Nawoi alimpokea kama alivyofundishwa tangu utoto. Kwa Waturkana, mzee akifika kwako humpokei kwa maneno matupu. Unampa tumbaku. Basi Nawoi alimwekea tumbaku mkononi, mzee akajaza kiko chake na kukiwasha palepale ndani, karibu na kaunta.

Mzee akishawasha, nani atamkataza mwingine?

“Mzee amewasha, sisi ni nani?” alisema Longor, kijana wa bodaboda, huku akitoa sigara. Meza ya pili ikawasha. Meza ya tatu ikawasha. Kufika saa moja, chumba kizima kilikuwa cha kijivu.

Ukutani kulikuwa na tangazo: USIVUTE SIGARA HUMU NDANI. Maafisa wa afya walilileta mwaka uliopita. Nawoi alilitundika wakiwa wanamtazama. Walipoondoka, alilifunika kwa kalenda. Tangu hapo, akisikia maafisa wako mjini, aliondoa kalenda na kuficha visahani vya majivu chini ya sinki. Wakishakwenda zao, kila kitu kilirudi mahali pake.

Mwezi wa pili mwaka huo, Sylviane alianza kukohoa. Mwanzoni alikohoa jioni tu. Baadaye akawa anasimama nyuma ya kaunta, ameshika kifua, anavuta pumzi yenye mlio mwembamba kama filimbi.

Wateja wakaanza kunong’ona. “Huyo ana kifua kikuu.”

Nawoi aliogopa. Hakumuuliza Sylviane neno. Alichukua kikombe kimoja, akafunga uzi mwekundu kwenye kishikio chake, akakiweka peke yake dirishani. “Hiki kitakuwa chako,” alisema, bila kumwangalia usoni.

Sylviane aliutazama ule uzi. “Sawa, mama,” alijibu. Kuanzia siku hiyo alikiosha mwenyewe na kukirudisha palepale dirishani.

Wiki moja baadaye, Sylviane alikuwa amebeba trei ya soda kikohozi kilipomshika. Alisimama katikati ya baa, macho yamejaa machozi.

“Dada, funika hizo chupa!” Longor alipaza sauti. “Sisi tumeagiza soda, hatujaagiza supu ya makohozi!”

Baa nzima ilicheka. Na Nawoi, nyuma ya kaunta, alicheka pamoja nao.

Kisha akasema, watu wakisikia, “Sylviane, nenda nyumbani. Utarudi ukipona.”

Msichana aliweka trei mezani. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kaunta. “Asante, mama,” alisema, akatoka.

Siku tatu Nawoi alihudumu mwenyewe. Siku ya kwanza macho yalimuwasha. Siku ya pili koo lilikauka. Siku ya tatu alitoka nje mara nne kutafuta hewa, na kila alipotoka, kitu fulani moyoni kilimwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Asubuhi ya siku ya nne alikuja Aluong. Huyu alikuwa mama wa Sudan Kusini, mrefu, muuza chai wa jirani. Alikuwa pia mhudumu wa afya ya jamii, na siku hiyo alivaa fulana yake ya kazi.

“Ejok, Nawoi.”

“Ejok-nooi. Karibu kiti.”

Aluong hakuketi. Alitoa karatasi iliyokunjwa. “Malesh, samahani dada, habari za mgonjwa mimi huwa sisemi. Hii nimetumwa na mwenyewe. Sylviane amepimwa makohozi. Hana kifua kikuu. Amesema nikuonyeshe haraka, usije ukalala na hofu kwa sababu mlikuwa mnafanya kazi pamoja.”

Nawoi aliishika karatasi. Msichana aliyemfukuza alikuwa nyumbani kwake anawaza usingizi wa mwajiri wake!

“Basi ana nini?” aliuliza polepole.

“Ana pumu. Daktari alimuuliza, ‘Wewe unavuta sigara ngapi kwa siku?’ Akajibu hajawahi kuvuta hata moja. Daktari akauliza anafanya kazi wapi.” Aluong alizungusha macho ndani ya chumba. Alitazama madirisha yaliyofungwa. Alitazama dari nyeusi. “Hapo ndipo daktari alipoelewa. Nawoi, mteja anakaa hapa saa mbili anakwenda zake. Sylviane alikaa saa nane, siku sita kwa wiki. Alikuwa anavuta sigara za meza zote saba.”

“Lakini feni ipo.”

“Feni inazungusha moshi, kama kijiko kinavyozungusha majani kwenye chai. Je, majani yanatoka?”

“Hayatoki.”

“Basi. Na ukiwapa wavutaji kona yao humu ndani, moshi hautabaki kwenye kona. Dawa ni moja. Mvutaji atoke nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wa wengine unachokoza pumu. Ukiuvuta miaka mingi, unaweza kuleta ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika sigara. Na sheria ya Kenya unaijua. Baa ni mahali pa umma. Aliyewasha ana kosa, na mwenye baa aliyemruhusu ana kosa.”

Nawoi alitazama chini. Kalenda ilikuwa palepale ukutani, na alijua kwamba Aluong anajua kilichokuwa chini yake.

“Wateja watanikimbia,” Nawoi alisema mwishowe. “Na Mzee Lokuruka? Nimfukuze baba yangu mdogo kama mbuzi aliyeingia jikoni?”

“Dada yako Atiir ana baa kule Lodwar. Watu hawavuti ndani. Nenda ukamuulize yeye.”

Nawoi alikwenda. Atiir alikuwa binti wa shangazi yake, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeficha neno. Baa yake ilikuwa na madirisha mapana yenye nyavu za kuzuia vumbi. Mbali na mlango, upande wa pili wa uwanja, aliwajengea wavutaji kibanda cha makuti, wazi pande zote.

“Wateja walikukimbia?” Nawoi aliuliza.

“Walikimbia, ndiyo. Mwezi wa kwanza nilikaa hapa nahesabu nzi,” Atiir alisema, akacheka. “Kisha wengi wakarudi. Wachache hawajarudi mpaka leo, sikudanganyi. Lakini wamekuja walimu, wamekuja wauguzi, wamekuja wanawake kula samaki na watoto wao. Zamani hawakuingia hapa kwa sababu ya moshi. Na wasichana wangu hawaugui ovyo.”

“Na wazee?”

“Ah! Wazee niliwaambia kwanza, kabla ya kijana yeyote. Mzee ukimwambia mbele ya vijana, umemvua nguo. Ukimwambia peke yake, umemheshimu.”

Siku iliyofuata Nawoi alimngoja Mzee Lokuruka nje ya baa, kabla wateja hawajafika. Alimpa tumbaku yake kama kawaida. Kisha akaketi chini karibu na miguu yake.

“Baba, nina jambo la aibu.”

Akaeleza yote. Akaeleza habari ya moshi, kikombe, uzi mwekundu na kicheko.

Mzee aliacha kujaza tumbaku. Kiko kilikuwa mkononi, hakijawashwa.

“Kwa hiyo moshi wangu ndio uliomfukuza yule mtoto anayenikatia yai?”

“Aliyemfukuza ni mimi, baba.”

“Na mimi nilikuwepo. Nilisikia mkicheka, nikanyamaza.” Mzee alitikisa kichwa. “Lakini wewe, kwa nini hukuniambia mapema? Uliogopa nini? Mwanamume wa Kiturkana anatembea na kiti chake.”

Aliinua ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mzee hubeba kila aendako, kiti mchana na mto usiku. Akasimama. Akavuka uwanja mpaka kwenye mti wa mwiba, hatua nyingi kutoka mlangoni. Akakiweka kigoda chini, akaketi, akawasha kiko.

“Hapa ni pazuri,” alisema. “Kuna upepo. Humo ndani mlikuwa mnanikausha kama samaki wa Kalokol kule ziwani.”

Jioni hiyo Nawoi alifungua madirisha, akaondoa kalenda na kuwaambia wavutaji wamfuate mzee chini ya mti. Kisha akapanda pikipiki kwenda Kalobeyei. Njiani alipanga maneno mazuri. Alipofika na kumwona Sylviane anamwagilia mboga kwa kopo, aliyasahau yote.

“Karibu, mama,” Sylviane alisema. Alimletea kiti, kisha maji ya kunywa.

Nawoi aliyashika yale maji asiweze kuyanywa. “Sylviane, nimekuja kuomba msamaha. Kile kikombe...”

“Kikombe kiliniuma kidogo,” Sylviane alisema taratibu. “Niliona mama anaogopa. Mtu akiogopa anafanya vile. Lakini mama alicheka.”

“Ulisikia?”

“Nilisikia, mama. Kicheko njo kiliniuma sana,” alisema kwa Kiswahili cha kwao Uvira.

Nawoi alifunika uso kwa shuka aliyojitanda. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye baa na mwenye sauti, na siku hiyo alilia mbele ya mfanyakazi wake. Sylviane hakumkimbilia kumwambia yameisha. Alikaa karibu naye tu, akangoja.

“Nifanye nini ili urudi?” Nawoi aliuliza.

“Mama aliniaibisha mbele ya watu. Mama aseme mbele ya watu walewale. Nitakuja nisikie. Kama moshi uko, nitageuka nirudi.”

Jumamosi baa ilijaa, maana kulikuwa na mpira. Sylviane alikuja na Aluong, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nawoi alimwona. Alizima televisheni.

“Ai, mathe! Mpira!” Longor alilalamika.

“Mpira utangoja. Nisikilizeni.” Nawoi alishika kaunta kwa mikono miwili. “Mlisema Sylviane ana kifua kikuu. Hana. Ameugua kwa moshi wa baa hii. Tangazo lilikuwepo, mimi nikalifunika. Na hata kama angekuwa na kifua kikuu, ugonjwa huo una dawa, na mgonjwa hachekwi. Mimi nilimcheka. Nilimtenga kwa kikombe, nikamfukuza mbele yenu. Nilikosa. Sylviane, nisamehe.”

Longor alikuwa na sigara ambayo haijawashwa nyuma ya sikio. Aliichomoa, akaitia mfukoni, akatazama vidole vyake.

“Dada, hata mimi,” alisema kwa sauti ndogo. “Mdomo wangu ni mbaya.”

Sylviane aliinua pua akanusa hewa. Akavuta pumzi moja, polepole. Akavuta ya pili. Kisha akaingiza mguu wa pili ndani na kunyoosha mkono. Nawoi alimpa aproni.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Meza mbili zilihamia baa nyingine, na Nawoi alikonda kwa mawazo. Baadaye meza moja ilirudi. Wakaja pia wafanyakazi wa mashirika, na wanawake wa soko, ambao zamani walipita mlangoni wakiwa wamefunika pua. Pumu ya Sylviane haijaisha, maana pumu ni ugonjwa wa kuishi nao. Anakwenda kliniki na kutumia dawa yake ya kuvuta. Lakini sasa anamaliza zamu yake bila ule mlio kifuani, na mara nyingine huimba wakati wa kufuta meza.

Aibu haijamtoka Nawoi, na yeye haifukuzi. Humsaidia kuuliza kabla ya kuogopa.

Juzi mgeni mmoja kutoka Lokichar aliingia, akaketi, akatoa kiberiti. Nawoi alifungua mdomo ili aseme, lakini sauti nzito ilimtangulia kutoka kule kwenye mti wa mwiba.

“Wewe kijana! Humo ndani kuna binti yangu anafanya kazi. Beba moto wako, njoo ukae huku na wazee.”