Nilifunga Site Yangu kwa Kadena Mbili

Mwaka wa 2008, nikiwa na miaka hamsini na tatu, ndipo taabu yangu ilipoanza. Bei ya shaba ilianguka huko mbali inakouzwa, na sisi wa Lubumbashi ndio tukaangukiwa. Tanuru zilizimwa moja baada ya nyingine. Wenye nazo waliondoka bila kuaga, wachimbaji wakarudi mjini na magunia matupu... Kamyo zangu tatu za mizigo zilisimama ndani ya kiwanja changu kule Kasungami mpaka nyasi ikaota kati ya magurudumu.

Wasomaji, msije mkafikiri mimi ni mtu wa kubebwa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, alitoka kaskazini ya Katanga. Masomo niliishia mwaka wa nne wa primaire, shule ya msingi. Nilianza kwa kupakua magunia ya unga, nikawa msaidizi wa kukaa nyuma ya kamyo, nikawa shoferi, halafu nikanunua kamyo yangu ya kwanza ikiwa maiti, nikaifufua kwa mikono hii. Hakuna aliyenipa kitu. Ndiyo maana sikumwamini mtu, na nilikuwa nikijisifu hivyo mbele ya kila aliyetaka kusikia.

Binti yangu wa pili, Fifi, alikuwa akisoma informatique, elimu ya computer, kwenye chuo kikuu kule Kasapa. Maprofesa waligoma, akakaa nyumbani. Siku moja akaja nikiwa nimelala chini ya kamyo, akachuchumaa.

"Papa, tufanye site. Ba kampuni ya mine banatafuta ba transporteur kwa internet. Habatembei tena mu njia kuuliza."

"Na hiyo programu ya kutengeneza site inauzwa ngapi?"

"Iko bure."

"Nani anatoa kintu bure?"

"Bantu ya dunia muzima banaitengeneza pamoja, Papa. Kila muntu anaweza kuona vile iko ndani."

"Basi na mwizi anaona."

Akacheka. "Anaona. Lakini bale banaziba matundu nabo banaona, na beko bengi kumupita. Juu ya ile, kila mara banatuma mise à jour, na mi naiweka."

Hiyo mise à jour, yaani marekebisho mapya ya programu, alinieleza kwa lugha yangu. Ni kama mafuta ya moteri. Ukikataa kuyabadilisha, moteri itatembea, itatembea, halafu siku moja itakufia katikati ya safari. Hapo nilielewa. Lakini lile neno "bure" liliniingia kama mchanga kwenye jicho. Mtu atoe kazi yake bure kwa nini? Anatafuta nini kwangu?

Fifi akaitengeneza. Tuliosha kamyo zote tatu, akazipiga picha. Akaweka ukurasa ambao mteja anaandika mzigo wake, anakoupeleka na siku gani, kisha anabonyeza. Barua inafika kwa Fifi, Fifi anaiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa ninazoweza kusoma, ananiletea. Shaba ilipoanza kupanda tena, karatasi zilianza kuja. Chokaa ya kupeleka migodini, njia ya Kinsevere. Mabomba. Saruji. Nyasi chini ya kamyo ikafa kwa kukanyagwa.

Mngefikiri nilifurahi? Nililala macho wazi! Mali yangu yote ilikuwa ikipita ndani ya kitu nisichoweza kukifungua mwenyewe.

Sasa sikilizeni kosa langu. Hapa kwetu, mtu wa biashara hafungi depo, ghala lake, kwa kadena moja, yaani kufuli moja. Anafunga kwa mbili. Ufunguo mmoja anakaa nao yeye, wa pili anampa mtu mwingine. Hakuna anayeingia peke yake. Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote na sikuibiwa hata bolti. Nikasema moyoni: site nayo itawekwa kadena ya pili.

Mtu wa kushika ufunguo huo nilikuwa naye. Donatien. Tulikua naye katika kambi moja ya wafanyakazi wa reli, yeye mdogo kwangu kidogo, ananiita Yaya, yaani kaka mkubwa. Alikuwa na kiduka cha kupiga barua na fotokopi karibu na posta, mashine anazijua. Zaidi ya hayo, ndiye aliyemshika Fifi siku ya ubatizo, ndiye parrain wake. Ningempa nani mwingine?

Fifi alikataa kwanza, Donatien mwenyewe akiwapo. "Papa, haiko kama depo. Mule ndani, ufunguo moja inafungua byote. Ukimupatia parrain ya kwake, ataingia peke yake, atafanya kila kintu. Haitakuwa kadena mbili. Itakuwa mulango mbili."

Nilimwambia hataki kuchungwa. Msichana asiyetaka kuchungwa anaficha nini? Akafanya nilivyoagiza. Donatien akapewa jina la kuingilia na neno la siri lake.

Miezi miwili haikupita, karatasi zikapungua. Kutoka sita kwa juma zikawa mbili, halafu moja, tena ya mizigo midogo ambayo kila mtu anaikataa. Na njiani je? Njiani kamyo za wengine zilinipita zimejaa mpaka springi zimekunjika! Nikaenda kwa Donatien. Akanivutia kiti, akashusha sauti.

"Yaya, mi sisemi kintu. Njo mutoto yangu wa ubatizo. Lakini jiulize, yule mwanaume anataka kumuoa, bajomba ba kwake banafanya kazi gani?"

Nilijua kazi yao. Mchumba wa Fifi aliitwa Kambale, kijana mpole wa watu wa Kivu ya Kaskazini. Mjomba wake aliuza maharagwe kwa jumla, na alikuwa na kamyo tano. Tano... Toka siku hiyo sikumwona tena binti yangu. Niliona mwizi anayenipikia chai. Akicheka kwenye simu, nilihesabu anacheka na nani. Akifunga computer ninapoingia, nilisema ameficha. Mama yake aliniambia, "We muzee, unaugua." Nikamwambia na yeye atakuwa pamoja nao.

Siku ya mahari ikafika. Wajomba wa Kambale walikuja saa nne ya asubuhi, na suti zao, na mbuzi wawili, na vitenge vimekunjwa vizuri. Watu wa kwangu walijaa kiwanja. Donatien alikaa mkono wangu wa kuume, ndiyo haki ya parrain. Mjomba mkubwa alisimama kusema maneno ya heshima. Sikumwacha amalize. Nilisema mbele ya wote kwamba mahari wameshajilipa wenyewe, kwa mizigo yangu ambayo binti yangu anawapitishia kwa siri.

Mjomba mkubwa akakaa chini, mbuzi wakilia.

Fifi alitoka jikoni na computer mikononi. Hakulia. Alisema, "Papa, kuja nikuonyeshe. Dakika tano tu. Iko yote mule ndani."

Wasomaji, hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Sikukataa kwa sababu nilijua ukweli. Nilikataa kwa sababu watu wote wangeniona nimeinama mbele ya ile écran, kioo cha computer, na kuikodolea macho bila kuisoma. Mimi, mwenye kamyo tatu! Nikamwambia sitaki michezo ya mashine. Donatien akanishika bega, akasema, "Yaya, tulia." Wageni walifungua mbuzi wao, wakaondoka. Juma lile Fifi aliwafuata kwao Kolwezi. Alifunga ndoa huko, na aliyemshika mkono mpaka kanisani alikuwa kaka wa mama yake, si mimi.

Nilimwambia Donatien afute jina la Fifi kwenye site. Akalifuta upesi.

Sasa nani wa kuweka mise à jour? Hakuna. Moteri ikatembea bila mafuta. Karatasi zilikatika kabisa, nikauza kamyo ya kwanza, halafu ya pili. Mwezi wa saba tangu Fifi aondoke, mnunuzi wa kampuni moja iliyokuwa mteja wangu zamani alinipigia simu. Aliuliza kama nimeacha usafiri. Nikamwambia, usafiri ndio kazi yangu. Akasema, "Muzee, site ya kwako inaonyesha michezo ya bahati na banamuke uchi."

Nilitamani ardhi inimeze. Donatien nilipomwita, alisema ana homa. Nikaenda Kasapa na miguu yangu, nikauliza mlango kwa mlango, nikapelekwa kwa Madame Solange, mwalimu wa computer. Alitazama, akatikisa kichwa. Wezi wa mbali walikuwa wameingia kwa tundu ambalo lilikuwa na kiraka chake zamani, cha bure, kikingoja mtu akiweke. Akauliza kama kuna kopi ya zamani ya site.

Nikarudi nyumbani kumuuliza mke wangu. Alikwenda kabatini, akatoa bahasha, ndani yake kuna flash. Fifi aliiacha siku aliyoondoka.

"Miezi saba unakaa nayo?"

"Alisema nikupatie siku utauliza. Haukuuliza."

Madame Solange akaifungua mbele yangu. Fifi alikuwa ameweka ndani ya site, tangu siku ya kwanza, kijitabu kinachojiandika chenyewe: nani ameingia, saa ngapi, amegusa nini. Mwalimu alinisomea polepole. Juma lile lile Donatien alipopewa ufunguo, anwani ya kupokea barua za wateja ilibadilishwa. Zilikuwa zikienda kwake. Kubwa alizipitisha kwa wenye kamyo wengine nao wakampa fedha, ndogo alimtumia Fifi ili nisishtuke. Jina lake lilikuwa pale mara kumi na tisa. La binti yangu mahali pale halikuwapo hata mara moja.

Nilimwomba anisomee tena. Akanisomea tena.

Nilimkuta Donatien kwenye kiduka chake, mzima, anapiga fotokopi. Hakubisha hata kidogo. Alisema, "Yaya, Fifi alikuambia ni mulango mbili. Mi nilikuwa pale. Njo weye ulimukatalia." Sikumgusa. Nilitoka nikaenda kuuliza basi la Kolwezi.

Kolwezi nilifika siku ya Jumamosi. Fifi alinipa kiti na maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, mimba yake ikiwa kubwa.

"Site nitaitengeneza, Papa, na nitaichunga. Ile ni kazi yangu. Lakini ku nyumba yako sitakanyaga mpaka uende kwa bajomba ba Kambale, useme mbele ya bale bale bantu."

Nilikwenda. Mjomba mkubwa aliniacha nimesimama. "Muzee, siye tulikuja na mbuzi mbili, ukatufukuza. Leo unakuja weye. Mbuzi iko wapi?" Watu wakacheka, na haki yao. Nilirudi juma lililofuata na mbuzi watatu, nikasema yote, na jina la Donatien, na jina langu juu yake. Walikula mbuzi. Walinisamehe, au walisema hivyo.

Fifi amesema atakuja. Ni miaka sasa. Kila Krismasi anasema barabara ni mbaya.

Ninyi mnaosoma, wenye duka, wenye kamyo, msiojua kusoma écran kama mimi: mtoto wako akikwambia "kuja nikuonyeshe", inama utazame, hata mbele ya wakwe. Ukitilia shaka, tilia wote shaka sawasawa, na uliza kabla hujasema. Mimi nilimchunga asiyeiba, nikampa ufunguo mwizi kwa sababu tulikua pamoja. Tafadhali, msipite njia hiyo.

Leo nina kamyo moja. Nina nyumba ya vyumba vinne Kasungami, na depo moja. Nina site inayofanya kazi, na karatasi zinakuja. Nina mke ambaye tunaongea naye kidogo. Nina wajukuu wawili Kolwezi. Mkubwa ana miaka minane, na nyumba hii haijui.