Barua Iliyomwagiwa Chai

Kila nilipotoka shule nilipitia ukumbi wa maonyesho kumsubiri Bibi. Kwa miaka arobaini alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa michezo ya jukwaani, na watu wazima na ndevu zao walimwogopa kuliko mimi nilivyomwogopa mwalimu wa hesabu. Nyuma ya pazia palikuwa na meza ya vifaa. Kila kifaa kilichorewa mahali pake kwa chaki, na sharti lilikuwa moja tu: usiguse kifaa cha mwenzako.

Siku ya onyesho lake la mwisho, niligusa. Nilichukua barua ambayo Bibi angeisoma jukwaani, nikajifungia katika chumba cha kuvalia, nikajifanya mwigizaji mbele ya kioo. Mkono wangu ukapiga kikombe cha chai. Wino ukatapakaa, halikusomeka hata neno moja.

Nilijiambia kwamba barua ya mchezo ni ya mchezo tu, nani atajua? Nikakunja karatasi tupu, nikaiweka ndani ya mistari ya chaki. Lakini roho yangu haikutulia.

Kengele ya dakika tano ilipolia, nilimkuta Bibi akifunga vifungo vya gauni. Alikuwa akizungumza na Mzee Koti, aliyeigiza mumewe, ambaye tulimpa jina hilo kwa kuvaa koti lile lile katika kila mchezo.

"Tangu nilipougua, kichwa hakishiki tena," Bibi alimwambia. "Bila ile barua, leo ningeumbuka."

Nilisogea hadi mbele yake. "Bibi, barua imeharibika. Nimeimwagia chai. Iliyopo mezani haina kitu."

Uso wake ulibadilika. Nilitamani anichape yaishe.

"Ni kurasa mbili. Hatutawahi kuziandika," alisema. Kisha akamgeukia mwenzake. "Wewe umeisikia mara ngapi?"

"Tangu mazoezi ya kwanza. Hata usingizini naisikia."

"Basi leo utanisomea."

Mbele ya ukumbi uliojaa, Bibi aliifungua karatasi tupu. Mikono ilimtetemeka. "Mume wangu, macho yamejaa machozi," alisema. "Nisomee wewe." Mzee Koti akaipokea, akasoma neno kwa neno barua ya mwana wao ambaye hangerudi tena. Watu walilia. Mimi pia nililia, kwa sababu nilijua mikono ile haikuwa ikiigiza.

Pazia lilipofungwa, Bibi aliketi kwa uchovu, akaniita.

"Umenikosesha kuisoma kwa mara ya mwisho. Imeniuma, sitakuficha."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini shika hili. Ungenyamaza, ningeligundua kosa lako kule jukwaani, peke yangu, mbele ya watu wote. Uliposema, ulinipa dakika tano, na zilinitosha. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, kungali na muda wa kurekebisha."

Akanipa ile karatasi tupu. "Haya, kairudishe mahali pake."

Niliiweka mezani, katikati ya mistari ya chaki, nikarudi kumfungulia Bibi vifungo vya gauni.