Ukurasa wa Ndani wa Gazeti la Lincoln

Sur, Omani, alasiri ya Jumatano, mwaka 1979. Sajini Marhoun alikuta fremu imevunjwa kioo katika majlisi, chumba cha wageni, ya Bibi Mahfoudha, na gazeti la Kimarekani la mwaka 1865 limetupwa juu ya zulia. Ukurasa wa mbele, wenye habari za kuuawa Rais Lincoln, ulikuwa mzima. Karatasi ya ndani ndiyo haikuwepo.

Gazeti hilo babu yake bibi alipewa Unguja na mfanyabiashara wa Kimarekani, na tangu hapo kila mgeni aliitazama habari kubwa tu. Juzi mjukuu wa bibi, Fawziya, ndiye aliyesoma ndani: Nahodha Sleyum wa Sur, mwungwana mwenye chombo chake, aliwaokoa mabaharia wa Kimarekani. Sleyum ni babu mkuu wa Thabit, aliyemposa Fawziya akakataliwa kwa madai kwamba ukoo wake ni wa watumwa. Aliyekataa ni Musallam, ami yake na walii wake wa kumwoza tangu baba yake kufariki, aliyetaka Fawziya aolewe na mwanawe mwenyewe. Jioni hii Fawziya angewasomea wazee. Bila karatasi, angeozwa mtu asiyemtaka.

"Mkamate Turki!" Musallam alifoka. "Kutwa yuko hapa kubembeleza vitu vya kale!"

Turki, muuza vitu vya kale wa Nizwa aliyeitwa kuhojiwa, aliinuka kwa hasira. "Mimi niibe matangazo ya cherehani, nimwache rais? Una akili wewe?"

Hapo alisema kweli, ingawa Marhoun hakumpenda hata kidogo.

"Shikamoo, bibi. Nani alikuwepo?"

"Marahaba. Turki na huyu mwanangu. Musallam katoka kahawa inanyweka. Mimi nikaleta chetezo cha udi, nikamfukiza Turki, akenda zake. Baada ya udi hakuna kukaa. Nikaingia ndani kusali."

"Udi umenunua wapi?"

"Kununua? Nautengeneza kwa mkono wangu, na simpi mtu."

Marhoun alichokoa majivu ya chetezo. Mlikuwa na vipande vyeusi vya karatasi. Akamgeukia Musallam. "Nipe kilemba chako."

"Huna adabu!"

"Mpe!" Bibi alisema. Alikinusa mwenyewe, uso ukamsawijika. "Udi wangu huu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, bibi," Marhoun alisema, kisha akamgeukia Musallam. "Ulitoka kabla ya udi, ukarudi mama yako akisali, ukaichoma karatasi. Halafu chetezo kinafuka mbele yako, mkono ukajipeleka wenyewe kukifukiza kilemba. Sote ndivyo tulivyolelewa."

Akawaita wazee na Thabit waliokuwa wakingoja barazani, akasema kwa dharau, "Pengine karatasi yenyewe haikuwa na kitu. Msichana kaota tu."

"Haikuwa na kitu?" Musallam aliruka. "Wallahi, mimi nichome kitu cha bure? Nimekaa forodhani Tanga miaka, Kiingereza nakisoma! Imeandikwa mwungwana! Mwenye chombo! Mwana wa ndugu yangu nimpe mtu wa nje, na mwanangu..."

Maji yalikwisha kumwagika. Wazee walimtazama kwa chuki isiyofichika.

"Mmesikia," Bibi alisema. "Mnataka shahidi gani tena, zaidi ya adui?"

Musallam alicheka kwa uchungu. "Walii bado ni mimi."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Fawziya alisimama pale, machozi yamemkauka usoni.

"Ndiyo, ami. Sababu ya kumkataa Thabit umeivunja mwenyewe, na wazee wapo. Basi nioze sasa hivi."